Funguo za Watu

Zimwi likujualo halikuli likakwisha. Methali hii niliifundisha darasani kwa miaka mingi, na kila mara watoto walicheka kabla ya kuielewa. Sikudhani kwamba siku moja mimi mwenyewe, mwalimu mstaafu, ningeifanya kuwa kisingizio changu, tena katika jambo ambalo wakati naanza kazi ya ualimu halikuwapo kabisa duniani.

Jambo lenyewe ni dogo ukilisikia. Kila asubuhi nilipowasha kompyuta ya dukani na kufungua kivinjari, yaani ile programu tunayoitumia kuingia kwenye tovuti, palitokea mstari mwembamba juu ya dirisha. Mstari huo uliniambia kwamba kompyuta yangu inatumia Windows 7, na kwamba nikitaka kuendelea kupata matoleo mapya ya kivinjari sina budi kuwa na Windows 10 au iliyo mpya kuliko hiyo. Pembeni palikuwa na alama ndogo ya kuufunga. Niliibofya, mstari ukaondoka, nikaanza kazi. Nilifanya hivyo tangu mwanzoni mwa mwaka 2023 hadi katikati ya mwaka 2024. Ukihesabu siku za kazi, nilikataa ushauri ule zaidi ya mara 400.

Nina duka la steshenari mjini Korogwe, si mbali na stendi ya mabasi. Nililifungua mwaka 2014 kwa sehemu ya kiinua mgongo changu. Natoa kopi, nachapa barua, nauza madaftari na kalamu. Lakini kazi inayoleta watu wengi ni kujaza fomu za mtandaoni. Vijana waliomaliza kidato cha sita huja kuomba vyuo na mikopo ya elimu ya juu. Kabla ya hapo huja kuhakiki vyeti vyao vya kuzaliwa kwa RITA. Wazazi wao huja kwa ajili ya namba ya utambulisho wa mlipakodi, au kufuatilia kitambulisho cha taifa. Wengi wao hawana kompyuta, na simu walizo nazo ni za kupigia na kupokea tu. Mtu wa namna hiyo akiingia dukani kwangu, jambo la kwanza ni kumfungulia barua pepe, maana kila tovuti inaidai. Barua pepe hutaka neno la siri. Basi tunalitunga pamoja, yeye akinitajia jina la bibi yake au mwaka aliozaliwa, mimi naliandika, na kivinjari kinaniuliza: je, nilihifadhi?

Nilijibu ndiyo. Nilijibu ndiyo kwa miaka 10. Nilifanya hivyo kwa huruma, msomaji wangu, wala si kwa hila. Nilijua kwamba kijana yule atarudi baada ya mwezi mmoja, amesahau kila kitu, siku ya mwisho ya maombi ikiwa imekaribia. Nikishahifadhi, kazi inakuwa nyepesi. Anakaa kwenye kiti, ananitajia jina lake, nabofya mara mbili, tumeshaingia. Watu walinisifu. Walisema kwa Mwalimu hupati usumbufu.

Sasa nieleze kwa nini niliukataa mstari ule. Kompyuta yangu niliinunua ikiwa imetumika, na uwezo wake wa kumbukumbu ni gigabaiti 2. Hiyo ni hali ya punda mzee: ukimwongezea gunia moja, analala njiani. Printa nayo ilikuwa ya zamani, nami nilikuwa nimezoeana nayo. Nilihofu kwamba nikibadili Windows, printa itagoma. Bando nalo lina gharama, na kupakua Windows nzima si jambo la shilingi elfu moja.

Lakini sababu kubwa ilikuwa nyingine. Katika miaka ya mwisho ya ualimu wangu nilikuwa nimekusanya masomo ya hesabu kwa watoto wadogo, yenye katuni zinazotembea. Mtoto anajumlisha, akipata jibu sahihi kobe anavuka mto. Wajukuu wangu walijifunza kuhesabu kwa masomo hayo. Yalitengenezwa kwa teknolojia iliyoitwa Flash. Mwaka 2021 nilikubali toleo jipya la kivinjari bila kufikiri, na tangu siku hiyo kobe hakuvuka tena. Baadaye nilikuja kujua kwamba Flash ilikoma rasmi tarehe 31 Desemba 2020, kwamba nyufa za usalama zilikuwa miongoni mwa sababu, na kwamba tangazo lilitolewa tangu Julai 2017. Tulipewa zaidi ya miaka mitatu ya kujiandaa. Mimi ndiye sikusoma. Hata hivyo moyo hauna hoja. Moyo wangu ulijifunza jambo moja tu: ukikubali toleo jipya, unapoteza kitu unachokipenda.

Ndiyo maana nikaikumbatia ile methali. Kivinjari changu cha zamani nakijua. Najua kinapochelewa, najua kinapokwama, najua la kufanya. Kipya sikijui.

Nilijifariji pia kwamba sikuwa peke yangu. Wanaofuatilia historia ya kompyuta wanaikumbuka Internet Explorer 6, iliyotoka mwaka 2001. Iliyofuata, ya 7, ilikuja mwaka 2006. Katika miaka ile mitano ofisi nyingi duniani zilijenga mifumo yao juu ya toleo lile la 6, kiasi kwamba lilipozeeka watu walishindwa kuliacha. Mwaka 2011, miaka kumi baada ya kulitoa, kampuni ya Microsoft yenyewe ilifanya kampeni ya kuwasihi watu waliache. Mwenye bidhaa anawasihi wateja waache bidhaa yake! Korea Kusini nayo, nchi iliyotutangulia mbali kwa intaneti, ilikaa miaka mingi ikiitegemea Internet Explorer, kwa sababu malipo ya benki mtandaoni yalihitaji programu iliyoitwa ActiveX, na ActiveX ilifanya kazi kwenye kivinjari hicho. Nilipoyasoma hayo nilijiambia: kama mabenki yamekwama, itakuwa mimi wa Korogwe?

Ilikuwa mwezi Julai 2024, msimu wa maombi ya mikopo, jua likielekea kuzama. Aliingia binti mmoja na baba yake. Walikuwa wametoka upande wa mashamba ya mkonge, na mzee alikuwa bado amevaa viatu vya shamba. Binti alinisalimu, nikaitikia. Akasema amekosea kujaza jina la mama yake katika maombi, na anataka kusahihisha, lakini neno la siri amelisahau.

Nikamwambia asihofu. Nikafungua sehemu ile ya kivinjari inayoonyesha maneno yote ya siri yaliyohifadhiwa, nikaanza kushuka nalo taratibu orodha ile, nikilitafuta jina lake. Mzee alisogea akainama kutazama kioo. Hajui kompyuta, lakini kusoma anajua. Mara akanyoosha kidole.

"Mwalimu, huyu si mtoto wa jirani yetu?"

"Ndiye."

"Na siri yake imo humu?"

"Zote zimo, Mzee," nilisema, tena kwa fahari kidogo.

Alinyamaza. Tukalipata jina la binti, tukasahihisha, tukachapa. Alipokuwa analipa, yule mzee akaniambia kwa upole, "Basi Mwalimu, umebeba mzigo mkubwa." Kisha wakaaga, wakaondoka kuwahi usafiri.

Sikulala vizuri usiku ule. Kesho yake nilifika dukani mapema kabla ya wateja, nikaifungua tena ile orodha, nikahesabu mstari mmoja mmoja. Ilikuwa na mistari 286. Barua pepe, maombi ya mikopo, maombi ya vyuo, mambo ya kodi. Humo mlikuwa na vijana ambao sasa ni walimu na wauguzi. Humo mlikuwa na wengine wawili ambao nilikwenda kuwazika. Na kompyuta yenyewe, nakiri mbele yako msomaji, haikuwa na neno la siri la kuifungulia. Ukibonyeza kitufe cha kuwashia, umeingia. Katika miaka ile 10 walikuwa wamekaa kwenye kiti changu wasaidizi wanne, mmoja baada ya mwingine.

Ningekuwa mtunza sanduku la chama cha kuzikana, na watu wakajua kwamba sanduku halina kufuli, wangeniita kikaoni siku hiyo hiyo. Lakini sanduku hili halikuonekana kwa macho, kwa hiyo hakuna aliyeniita, nami sikujiita.

Wiki ile mtoto wa kaka yangu, anayesoma mambo ya kompyuta chuoni, alikuwa nyumbani kwa likizo. Nikamwita dukani, nikamwonyesha orodha, kisha nikamwonyesha na ule mstari wa kila asubuhi. Alitazama muda mrefu.

"Shangazi," alisema, "haya ni mambo mawili. Kivinjari ni mlango. Orodha hii ni sanduku lililo ndani ya nyumba. Ukibadili mlango, sanduku bado liko wazi kwa anayekaa kwenye kiti. Ukifunga sanduku na kuuacha mlango mbovu, bado mwizi ataingia akusubiri unapolifungua."

Nikamuuliza mlango una ubovu gani, na mbona miaka yote hii haujaniletea shida. Akanieleza jambo ambalo sikuwahi kulifikiria. Kila toleo jipya huziba nyufa zilizogunduliwa katika toleo lililotangulia. Watengenezaji wakishaziba, hutangaza wameziba nini. Wezi nao husoma matangazo hayo. Wanajua kwamba wako watu ambao hawajabadili, na sasa wanajua pa kupekua. Kwa hiyo kivinjari cha zamani kinazidi kuwa hatari kila mwezi, ingawa chenyewe hakijabadilika hata kidogo. Hakibadiliki, na hapo ndipo ulipo ubaya wake.

Alinipa mifano miwili. Tarehe 14 Machi 2017 Microsoft ilitoa kiraka cha kuziba ufa katika Windows. Tarehe 12 Mei mwaka huo huo, miezi miwili baadaye, programu haribifu iliyoitwa WannaCry ilipita katika ufa ule ule na kufunga mafaili kwenye kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi zipatazo 150, ikidai fidia. Hospitali za Uingereza zililazimika kuahirisha matibabu ya wagonjwa. Ule haukuwa ufa wa kivinjari, lakini somo ni moja: dawa ilikuwapo miezi miwili, na wengi walikuwa hawajaimeza.

Mfano wa pili ulinigusa zaidi. Mwezi Septemba 2023 watengenezaji wa Chrome na wa Firefox walitoa marekebisho kwa haraka, karibu siku moja, kuziba ufa katika kipande cha programu kinachofungua picha za aina ya WebP. Picha iliyotengenezwa kwa hila iliweza kumpa mwovu nafasi ya kuingia. Hapakuhitajika mtu apakue faili wala akubali chochote. Kuitazama picha tu kulitosha.

Nikaangalia meza yangu. Kazi yangu mimi kutwa nzima ni kufungua picha za watu: paspoti saizi, vyeti, vitambulisho, kutoka kwenye barua pepe, simu na flashi zilizopita katika kompyuta nisizozijua.

Hapo nikairudia methali yangu na kuitazama upya. Inasema zimwi likujualo, likikula, litakubakiza kidogo. Inamfariji anayeliwa. Haisemi lolote juu ya wageni aliowakaribisha nyumbani kwake. Mimi nilikuwa na haki ya kuliwa na zimwi langu nikitaka. Sikuwa na haki ya kuwaweka mbele yake watoto wa watu 286.

Baadaye nilisoma pia kwamba nchi yetu ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inayomtaka anayekusanya habari za watu azilinde. Sikuisubiri sheria inifundishe. Maneno ya mzee wa mkonge yalikuwa yamekwisha kunitosha. Lakini ni vizuri kujua kwamba kile ambacho wazee wetu walikiita amana, wanasheria nao wamekipa jina.

Hata hivyo, usidhani kwamba kuanzia hapo uamuzi ulikuwa rahisi. Kulikuwa na hoja ya upande wa pili, na hiyo nayo ilikuwa hoja ya amana. Tulikuwa katikati ya msimu. Kama ningebadili Windows siku ile, kisha printa ikagoma au kompyuta ikazimika kwa uzito, ni nani angeumia? Ni vijana wale wale. Mtu anayekosa mkopo kwa sababu duka limefungwa siku tatu hana faida na usalama wa neno lake la siri. Nililala na swali hilo siku mbili.

Tulikaa na kijana wangu, tukaandika kwenye karatasi kila njia na gharama yake. Kubaki nilivyo: hakuna gharama leo, lakini kila siku hatari inaongezeka. Kuweka Windows 10 juu ya kompyuta ile ile: gigabaiti 2 zingeweza kuibeba kwa shida, na Windows 10 yenyewe ilikuwa imekwisha kutangaziwa mwisho wa matengenezo yake ya kawaida, tarehe 14 Oktoba 2025. Kuweka Linux: ni bure na haina uzito, lakini hatukuwa na hakika na printa, na mimi nilihitaji muda wa kujifunza. Kununua kompyuta nyingine: fedha haikuwapo hadi msimu uishe.

Kijana akaniuliza, "Shangazi, katika hizi, ipi tunaweza kuifanya leo, na ikishindikana kesho tukairudisha ilivyokuwa?"

Swali hilo ndilo lililotuokoa. Iko njia tuliyokuwa hatujaiandika. Matoleo ya Chrome kwa Windows 7 yalikuwa yamekomea namba 109, mwanzoni mwa mwaka 2023. Lakini Firefox, katika tawi lake la matoleo ya muda mrefu, namba 115, ilikuwa bado inaendelea kuwapelekea viraka wenye Windows 7, na muda huo ulikuja kuongezwa zaidi ya mara moja. Faili lake lilikuwa chini ya megabaiti 100. Tuliweza kuliweka pembeni bila kukigusa kile cha zamani. Likikataa, tunaliondoa. Likikubali, tunahama polepole.

Tuliliweka jioni ile baada ya kufunga duka. Kwanza niliingia kwenye barua pepe yangu mwenyewe, si ya mteja. Kisha nikachapa ukurasa mmoja. Printa ilikohoa kama ilivyo kawaida yake, ikatoa karatasi. Sikucheka kwa sauti, lakini nilicheka.

Sikujidanganya kwamba tumemaliza. Mlango mpya juu ya nyumba yenye kuta za zamani si kinga kamili, maana Windows 7 yenyewe iliachwa tangu tarehe 14 Januari 2020. Lilikuwa daraja la kutuvusha msimu. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi tuliziba ufa huku tukijua kwamba ukuta nao unatungoja.

Likabaki sanduku. Hapa ndipo palipokuwa na kazi ngumu kuliko kompyuta. Niliamua kwamba katika kivinjari kipya sitahifadhi siri ya mtu yeyote, na kwamba zile 286 nitazirudisha kwa wenyewe kisha nizifute. Kila aliyekuja dukani nilimwandikia neno lake kwenye kadi ndogo, nikamwonyesha namna ya kulibadili, nikamwambia aitunze kadi pamoja na vyeti vyake. Wale niliokuwa na namba zao niliwapigia. Wengi hawakufurahi. Mama mmoja alisema, "Mwalimu, mimi nimekukabidhi wewe, sasa unanirudishia ya nini?" Mwingine alidhani nimemchoka. Mzee mmoja aliiweka kadi mezani akaniambia ikae kwangu, yeye nyumba yake inavuja. Nilielewa. Walichokuwa wanakitaka kwangu ni mtu wa kuwakumbukia. Nami nilikuwa nimewazoesha hivyo kwa miaka 10, kisha ghafla nawaambia wakumbuke wenyewe.

Na gharama ilikuja kweli. Siku nne kabla ya dirisha la maombi kufungwa, alirudi kijana mmoja ambaye nilimpa kadi wiki mbili nyuma. Kadi ilifuliwa pamoja na suruali. Neno jipya alilolitunga hakulikumbuka. Namba ya simu iliyounganishwa na barua pepe yake ilikuwa ya laini iliyopotea. Nilifungua orodha ya zamani. Jina lake nilikuwa nimelifuta, na hata kama lisingefutwa, lilikuwa neno la kale. Alinitazama akasema taratibu, bila hasira, "Mwalimu, si ungeniwekea tu."

Sikuwa na jibu. Nilifunga duka kabla ya wakati, nikaenda naye kurudisha laini yake kwa wakala. Siku ya kwanza tulielezwa kwamba taarifa zake hazilingani, tukaondoka. Siku ya pili alikuja na mama yake na kitambulisho cha mama, kwa kuwa laini ilisajiliwa kwa jina lake. Laini ikarudi jioni. Usiku ule ule ujumbe wa namba za kuthibitisha ukaingia, akaunti ikafunguka, tukamaliza maombi siku moja kabla ya mwisho. Kama ule ujumbe ungechelewa siku mbili, huenda leo ningekuwa naandika habari nyingine, na huenda ningekuwa nimeandika kwamba nilikosea.

Nilijiuliza sana baada ya hapo kama nilitenda haki. Ninachoweza kusema ni hiki. Kijana yule alikaribia kupata hasara yeye mmoja, na nilikuwapo kumsaidia kwa miguu yangu. Ile orodha, kama ingechukuliwa, ingewadhuru watu 286 kwa usiku mmoja, na nisingeweza kumsaidia hata mmoja wao, maana huenda nisingejua kamwe kwamba imechukuliwa. Lakini nilijifunza kwamba kurudisha funguo peke yake hakutoshi. Siku hizi, kabla sijamfungulia mtu barua pepe, namuuliza laini ni ya nani na imesajiliwa kwa jina gani. Neno la siri analiandika yeye mwenyewe kwa kidole chake, hata kama itachukua robo saa na foleni inanung'unika. Kadi nazo nazipiga laminesheni, bila malipo.

Mwezi Novemba 2024, msimu ulipokwisha, nilinunua kompyuta nyingine iliyotumika, kwa shilingi 420,000. Kabla sijalipa, kijana wangu alihakikisha kwamba inakubali Windows 11, tusije tukahamia nyumba ambayo tayari imepewa notisi. Printa ile nzee ilikataa katakata kufanya kazi nayo. Hofu yangu ya siku zote ilitimia, na dunia haikuisha. Niliiuza kwa fundi, nikaongeza fedha, nikapata nyingine. Kivinjari kina sura ngeni. Vitufe vimehama, na kwa wiki nzima nilikuwa kama mtu anayetafuta swichi ya taa gizani katika nyumba ya ugenini. Wiki ya pili mikono ilikwisha kuzoea.

Kobe wangu hakurudi. Nimemtengenezea mjukuu wa mwisho kobe wa karatasi ngumu na mto wa kitambaa cha buluu. Anamvusha kwa mkono wake, na hesabu zinakwenda.

Siku hizi sipendi wala sichukii matoleo mapya. Jioni, nikiona alama kwamba liko toleo linalosubiri, naliacha liingie kabla sijafunga duka, kama ninavyohakikisha komeo la dirisha la nyuma. Wakati mwingine hubadilisha kitu nilichokuwa nakipenda, nami nanung'unika. Lakini swali ninalojiuliza limebadilika. Zamani nilijiuliza: mimi nitapoteza nini nikibadili? Sasa nauliza: nikiacha kubadili, ni nani mwingine atakayepoteza?

Nawe, ndugu msomaji, huenda huna duka wala orodha ya watu 286. Lakini katika kompyuta yako au simu yako zimo picha za wanao, namba za ndugu zako, barua ambazo mtu alikuandikia wewe tu. Ukiuona mstari ule mwembamba juu ya dirisha, usiufunge haraka kama nilivyofanya mimi. Na wala usikimbilie kuukubali katikati ya kazi ya watu. Keti, andika kwenye karatasi, tafuta linalowezekana leo. Yule mzee wa mkonge hakurudi tena dukani kwangu. Binti yake alipata mkopo, na alipokuja kuniaga aliniambia neno lake la siri amelibadili, na kwamba hataniambia. Nilifurahi kulisikia hilo.